Klachi ya Kapteni

Benchi liko mbele ya kibanda changu cha viatu, na kwa kuwa ubao niliuleta mimi, watu wanadhani hata maneno yanayosemwa juu yake ni yangu. Si yangu. Mimi nashona, wao wanasema. Pana Shangazi na birika lake la kahawa. Si shangazi wa mtu yeyote pale, ila ukimwita jina jingine humiminiwi. Pana Shahidi, kinyozi wa mlango wa pili, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna jambo lililowahi kutokea duniani yeye asiwepo. Pana Sikio, fundi wa magari, anayejua ugonjwa wa gari kwa kulisikiliza tu likija, na anayejivunia kwamba hajawahi kufungua boneti bila kujua atakachokikuta. Pana Kapteni, dereva wa miaka thelathini na sita, mkubwa wetu kwa umri. Na nipo mimi, wanayeniita Kisigino. Benchi lina sheria moja tu: chombo cha kazi cha mwenzio hakiguswi. Wembe ni wa Shahidi, birika ni la Shangazi, sindano ni yangu, usukani ni wa Kapteni. Sheria hiyo niliitunga mwenyewe, baada ya mtu kunivunjia sindano akifungulia kufuli, na sikuwahi kuijutia mpaka Alhamisi ile.

Ilikuwa alasiri. Tulilisikia gari la Kapteni kabla ya kuliona. Kwenye kona ya duka la magodoro chuma kilisaga chuma, pakawa kimya, kikasaga tena.

— Anatafuta gia ya moja, alisema Sikio, macho kafumba. Ameikosa. Ameikosa tena. Haya, kaipata, kwa kuilazimisha.

— Nilikuwepo siku gari la mjomba lilipoanza hivyo hivyo, alisema Shahidi. Mwezi haukuisha.

— Kunywa kahawa yako, alisema Shangazi.

Kapteni alisimamisha gari mbele yetu, akakaa ndani muda kidogo, mikono yote miwili kwenye usukani. Kisha akashuka, akaja kuketi bila kutusalimu. Si kawaida yake. Kapteni hutusalimu mmoja mmoja, mpaka mwenye kibanda cha mbele hulalamika kwamba tunamzibia njia.

— Shikamoo Kapteni, alisema Sikio.

— Marahaba. Limenishinda.

— Gari?

— Sasa nini kingine? Gari. Moja haiingii, rivasi haiingii. Wiki iliyopita umenikazia kebo ya klachi, nikashukuru. Siku mbili tu, likarudi pale pale. Na Jumanne nusura niue mtu.

Tukaacha tulichokuwa tunafanya. Jumanne sote tunajua ni siku ya nini. Jumanne na Ijumaa Kapteni humpeleka dada yake mkubwa hospitali, kwenye mashine ya kusafisha damu, maana figo zake zilikwishaacha kazi. Miaka miwili sasa, hajakosa siku. Akikosa siku moja uso unavimba. Akikosa mbili, hapo benchini hatusemi.

— Nusura umuue nani? aliuliza Shangazi.

— Dada. Kile kilima cha kuingilia hospitali, si mnakijua? Nimesimama kupisha watu, nataka kuondoka. Nakanyaga klachi, natia moja, grrr. Natia tena, grrr. Nikaachia breki ya mkono nikidhani imeingia, kumbe wapi. Gari likarudi nyuma, dada kakaa ndani, mkoba kaukumbatia. Tairi la nyuma likaingia mtaroni ndipo likasimama. Nyuma ya mtaro palikuwa na mama kabeba mtoto.

— Dada alisemaje?

— Hakusema. Ndilo linaloniuma. Alishuka, akamalizia kilima kwa miguu, mdogo mdogo, anashika ukuta. Mtu ambaye alinibeba mgongoni mimi tangu mama yetu alipofariki. Aliyeuza cherehani yake nikasome udereva. Anapanda kilima kwa miguu, na mimi dereva niko mtaroni.

Aliangalia chini. Shangazi akammiminia kikombe bila kuulizwa.

— Na kesho ni Ijumaa, nilisema.

— Kesho ni Ijumaa. Saa moja kamili asubuhi mashine inamngoja. Ukichelewa wanamlaza mtu mwingine.

— Si apande teksi kesho tu, alisema Shangazi, wakati gari linatengenezwa?

— Dada yangu hapandi gari la mtu mwingine nikiwa hai.

Alilisema kwa namna ya kufunga mjadala, na mjadala ukafungwa. Sikio akasogea mbele kwenye benchi, kiwiko juu ya goti, kama anavyokaa akiwa kazini. Maana kazi yake nusu huifanya akiwa amekaa.

— Haya, Kapteni. Rudi garini. Usiwashe. Injini imezimwa hivyo hivyo, tia moja.

Kapteni alirudi, akaingia. Tuliona mkono wa gia ukienda mbele, laini.

— Imeingia.

— Mbili. Tatu. Nenda mpaka tano. Rivasi.

— Zote zimeingia.

— Sasa washa, tia moja.

Chuma kikasaga chuma mpaka Shangazi akafunga macho.

— Basi, zima, njoo ukae, alisema Sikio, na alikuwa ametulia kama daktari aliyekwisha kuona. Jamani, hapa hakuna uchawi. Injini ikizimwa gia zinaingia, maana yake giaboksi ni nzima, meno yake ni mazima. Injini ikiwaka zinakataa, maana yake injini haijaachana na giaboksi. Na kazi ya klachi ni nini? Ni kuwaachanisha hao wawili. Klachi haiachii. Kebo nilikwisha kukaza. Iliyobaki ni sahani yenyewe. Imekufa.

— Pedali nayo imekuwa nzito, alisema Kapteni akiketi. Kila siku nzito zaidi. Kiti nimekisogeza mbele mara mbili ili niifikie vizuri.

— Umeona? Klachi ikiisha pedali huwa nzito. Ni dalili ile ile.

Akatoa simu, akampigia mwanamke mmoja mwenye duka la spea mtaa wa nyuma, akamtajia aina ya gari na mwaka wake, akamwambia alete sahani ya klachi sasa hivi, kazi ifanyike kabla jua halijazama. Kisha akaweka simu mfukoni na kuomba kahawa. Hapo ndipo angepaswa kuinuka akaingie kwenye gari. Lakini Sikio hajawahi kukaa kwenye kiti cha Kapteni, na hakuna kati yetu aliyewahi. Tunayo sheria.

Tukabaki kungoja, na benchi likingoja halinyamazi.

— Mimi sikubali ni klachi, alianza Shahidi. Ni oili. Unaweka oili gani kwenye giaboksi?

— Anayoweka Sikio.

— Nyepesi au nzito?

— Nyepesi, alisema Sikio. Ndiyo inayotakiwa.

— Hapo ndipo mlipokosea. Wahenga walisema damu nzito kuliko maji. Kwa nini walisema nzito? Kwa sababu chochote kinachozunguka ndani ya mwili kinatakiwa kiwe kizito.

— Wahenga walikuwa wanasema habari za ndugu, nilimwambia.

— Kisigino, wewe shona. Ndugu kitu gani na gari kitu gani? Vyote vinataka kulainishwa.

— Naomba tuelewane, alisema Sikio. Ingekuwa oili, hata ukizima zingesumbua.

— Sawa, tuache oili. Kuna jambo mafundi hamlisemi. Kila gari linatoka kiwandani na hesabu yake ya gia. Limepangiwa: utabadilisha gia mara milioni kadhaa, basi. Kama mtu na pumzi zake. Kapteni, wewe hupendi kukaa kwenye gia moja, unabadilisha badilisha. Umeimaliza hesabu.

— Bandu bandu huisha gogo, alisema Shangazi, nadhani kwa kumkejeli, lakini Shahidi alimshukuru.

— Hayo! Shangazi kanielewa.

— Mbona basi tatu haigomi? aliuliza Sikio. Mbona nne haigomi? Zimebaki na hesabu zake?

— Moja ndiyo inatumika sana. Moja na rivasi. Nenda rudi, nenda rudi.

Kapteni hakuwa anacheka. Kwa kawaida yeye ndiye wa kwanza kumkatisha Shahidi, kwa maneno mafupi yanayouma. Siku ile alikuwa anamsikiliza, na hilo lilinitia hofu kidogo. Mtu mzima akianza kumsikiliza Shahidi ujue kaishiwa.

— Sema yote, alisema Kapteni. Labda lipo la kweli.

Shahidi naye alishangaa. Akaweka kikombe chini.

— Basi nitasema, na msicheke. Gari hili linaingia moja likiwa linaenda sokoni? Linaenda kokote?

— Linasumbua kote.

— Lakini lilianza lini? Lilianza kwenye safari za hospitali. Nyumba na gari ni kitu kimoja, bwana, vinashika hali ya mtu. Miaka miwili linabeba mgonjwa. Linapanda kile kilima, linashuka. Mwishowe na lenyewe limechoka kwenda. Linakataa moja kwa sababu moja ndiyo ya kuondokea.

— Chuma kinachoka kwenda hospitali, alisema Sikio polepole.

— Wewe unajua chuma kinasikia nini?

— Kazi yangu ni hiyo, kujua.

— Ng'ombe akivunjika guu hurudi zizini! alisema Shahidi kwa ushindi, na hakuna aliyejua methali hiyo ameitolea nini hapo.

Shangazi akamwambia wazi kwamba siku hizi anasema upuuzi mbele ya mtu mwenye matatizo. Shahidi akasema yeye anajaribu kusaidia. Sikio, ambaye kubishana na Shahidi humharibu akili, akaanza na yeye kutafuta ya mbali: labda joto limetanua chuma cha klachi, labda ni tofauti ya barabara, gari likisimama kwa kulalia upande mmoja uzito wote unahamia kwenye ekseli, labda kule kiwandani walichanganya sahani ya gari dogo na la mzigo, na gari limeishi na kosa hilo tangu kuzaliwa. Kapteni akasema labda ni kosa lake, labda alilinunua siku mbaya. Mimi nilipiga msumari kwenye soli. Nilikuwa namwonea huruma na sikujua nimwambie nini.

Mwanamke wa spea akatokea kwa miguu, koti la kazi la bluu limemfika magotini, boksi chini ya kwapa. Wa makamo, mtu wa maneno machache.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Shangazi akimsogezea nafasi. Hakukaa.

— Hamjambo. Klachi ya nani?

— Yangu, alisema Kapteni, akanyoosha mkono.

Mwanamke hakumpa boksi.

— Samahani baba, kabla sijauza klachi huwa nauliza swali moja. Watu wananirudishia vitu vizima, wameshavipaka grisi, wanasema vibovu. Kwa hiyo nauliza kwanza. Akiendesha mtu mwingine, inafanya hivyo hivyo?

Tukaangaliana.

Sikio akatazama mikono yake. Lilikuwa swali dogo, mtoto angeliuliza. Fundi wa miaka ishirini na watu wazima wanne tumelizunguka gari wiki tatu, na hakuna aliyewahi kuliuliza.

— Hakuna mtu mwingine anayeliendesha, alisema Kapteni.

— Hata fundi?

— Fundi analisikiliza.

Mwanamke akamtazama Sikio. Hakumcheka, na nadhani Sikio angependelea achekwe.

— Basi aendeshe kidogo. Mpaka pale kona na kurudi. Nitangoja.

— Hapa tuna utaratibu wetu, mama, nilisema mimi. Chombo cha mtu—

— Kisigino, acha, alisema Kapteni.

Alikaa na funguo mkononi. Nimemjua miaka mingi, na sijawahi kumwona akimpa mtu funguo zile. Hata mwosha gari huoshea pale pale lilipo. Akazigeuza, akazigeuza tena, akamkabidhi Sikio bila kumwangalia.

— Usilivute. Liende taratibu.

— Ndiyo, Kapteni.

Sikio aliingia, akasogeza kiti nyuma. Akawasha. Sote tukakunja uso kungoja chuma kisage. Hakikusaga. Gari liliondoka kama maji, mbili, tatu, likakata kona. Tukangoja. Likarudi, likasimama, likatia rivasi, likarudi nyuma mpaka mlangoni kwa Shahidi, likatia moja, likaja mbele, likasimama. Hapakuwa na kelele hata moja.

Kapteni akainuka, uso wake wote umefunguka.

— Limepona! Jamani, si mmeliona? Limepona lenyewe!

— Limeona boksi, alisema Shahidi. Limejua linakwenda kufunguliwa tumbo. Nilikuwepo na jino langu, kufika tu kwa daktari likaacha kuuma.

Tukacheka, hata Shangazi. Tulikuwa tunahitaji kucheka. Kapteni alikuwa tayari anamwendea Sikio, anamtoa kwenye kiti kwa furaha, anaingia mwenyewe, anakivuta kiti mbele.

— Kesho dada anafika kabla ya daktari, alisema, akatia moja.

Grrrr.

Akatia tena. Grrrr.

Kicheko kilitukatikia mdomoni. Mwanamke wa spea aliweka boksi lake juu ya benchi, taratibu, akarudi nyuma hatua moja. Nadhani yeye alikwisha kuelewa. Sikio alikuwa bado kasimama kando ya mlango wa gari, na mlango uko wazi. Akachuchumaa, akawasha taa ya simu, akamulika kule chini kwenye pedali.

— Kapteni. Kanyaga klachi.

— Nimekanyaga.

— Kanyaga mpaka chini.

— Si ndiyo nimekanyaga? Uko chini huo.

— Mpaka mwisho kabisa, Kapteni, nakuomba.

— Wewe vipi? Nimefika sakafuni, mguu hauna pengine pa kwenda.

Nilisogea nikaona alichokuwa anakiona. Pedali ilikuwa imeishia katikati. Mguu wa kushoto wa Kapteni ulikuwa umetulia juu yake, kiatu nilichokishona mimi, na chini yake palikuwa na nafasi. Sikio akaingiza mkono wake hapo, kati ya pedali na sakafu. Vidole vinne, kimoja juu ya kingine, viliingia vyote.

— Mkono wako uko wapi? aliuliza Kapteni. Usukani ulikuwa unamzuia kuona.

— Uko chini ya klachi.

— Haiwezekani. Ningekubana.

— Hujanibana.

— Haiwezekani, bwana. Nimekanyaga mpaka chini. Nausikia mguu wangu.

Sikio akautoa mkono, akamwekea kiganja juu ya goti la kushoto, akasukuma. Pedali ikashuka iliyobaki, mpaka sakafuni kwelikweli.

— Tia moja.

Kapteni akatia moja. Ikaingia bila sauti. Alibaki ameushika mkono wa gia, anatazama mbele kwenye kioo, na sisi hakuna aliyeweza kumtazama usoni.

Sasa niseme langu, maana nikilinyamazia nitakuwa mwongo. Mwezi ule nilikuwa nimemshonea Kapteni kiatu mara mbili, na mara zote mbili kilikuwa cha kushoto. Soli ilikuwa imelika mbele, kwenye ncha, wakati kiatu cha mtu anayetembea vizuri huanza kulika nyuma. Ncha hulika kwa mtu anayeburuza mguu. Hilo nalijua, ni kazi yangu, nimelala nalo na kuamka nalo miaka yote hii. Nilimtania kwamba anapiga mawe mateke uzeeni, nikatia kiraka, nikampa kiatu chake. Nililiona jambo lenyewe kwa macho yangu na nikalipigia msumari.

— Juzi alidondosha kikombe, alisema Shangazi kwa sauti ya chini. Mkono huo huo wa kushoto. Nikamwambia si neno, kahawa ni ya moto.

— Alijikwaa kwenye kizingiti changu, alisema Shahidi. Kizingiti anachokivuka kila siku. Mimi nilicheka.

Akakitazama kizingiti kile.

— Nilikuwepo, akasema.

Kapteni akazima injini. Alishuka akiushika mlango, na sasa kwa kuwa tulikuwa tunajua, tuliuona mguu. Ulikuja nyuma ya mwingine, umechelewa kidogo tu. Alikuja akaketi mahali pake.

— Nausikia, alisema mwishowe. Nikikanyaga nasikia nimefika. Sasa mguu wangu unaniambia uongo?

— Tangu lini, baba? aliuliza mwanamke wa spea.

— Sijui. Mimi nilidhani ni pedali imekuwa nzito.

— Unahitaji kuonwa. Usingoje.

— Ni kitu gani?

— Mimi nauza spea, baba. Sijui. Lakini usingoje.

Akachukua boksi lake. Shangazi alimsukumia kikombe, akakipokea, akanywa akiwa amesimama, kwa adabu ya mtu anayeona hawezi kuondoka hivi hivi.

— Yule mama pale mtaroni, alisema Kapteni. Mwenye mtoto. Ningewaua. Na dada ndani. Miaka thelathini na sita, hakuna mtu aliyewahi kuumia garini mwangu, hata kidole.

— Hukuua mtu, alisema Sikio.

— Mtaro ndio uliosimamisha. Si mimi.

Macho yake yalikuwa yamelowa na hakuyaficha. Nilitamani kumshika bega nikaona aibu, kisha nikaona aibu ya kuona aibu, nikamshika.

— Kesho naendesha mimi, alisema Sikio.

— Gari langu?

— Gari lako. Saa kumi na mbili nitakuwa mlangoni kwako. Wewe unakaa nyuma na dada. Tukishamfikisha kwenye mashine yake, mimi na wewe tunakwenda dirisha la wagonjwa wapya, na haturudi mpaka daktari aushike huo mguu. Ukitaka kunikatalia, nikatalie sasa hivi, mbele za watu.

Tulingoja amkatalie. Ndiyo tabia yake. Lakini Kapteni alitazama gari, akatazama mikono yake, akatikisa kichwa kukubali, mara moja. Nilikuwa nimewahi kumwona akiwa na hasira, akiwa na njaa, akiwa msibani. Sikuwahi kumwona akikubali.

— Lazima nimwambie, alisema. Akiona mtu mwingine kwenye usukani asubuhi, atajua limetokea jambo. Bora ajue kwangu.

Akatoa simu. Simu yake ni kuukuu, haisikiki mpaka uweke spika, kwa hiyo sote tulisikia ikiita, na sote tukasikia sauti ya Dada Mkubwa, ndogo na iliyochoka, lakini bado sauti ya mtu aliyelea watu.

— Mdogo wangu. Vipi, gari limepona?

Kapteni akaisogeza simu mdomoni.

— Gari halikuwa linaumwa, dada.

Tulisikia redio yake ikipunguzwa.

— Sasa anayeumwa ni nani?

Kapteni aliitazama simu. Ghafla akampa Sikio. Sikio akaishika kwa mikono miwili, akaisikiliza kama anavyosikiliza injini, akampa Shahidi. Shahidi, ambaye hajawahi kukosa la kusema, alivuta pumzi, akatikisa kichwa, akampa Shangazi. Shangazi akaweka birika chini, akajifuta mkono kwenye kanga, akaipokea, akanisukumia mimi haraka kama imemuunguza.

— Halo? Si nimeuliza? Anayeumwa ni nani hapo?

Mwisho wa benchi nilikuwa mimi. Hapakuwa na wa kumpa.

— Shikamoo dada, nilisema.

— Marahaba, Kisigino. Haya, niambie.